Mkono wa Oracham Ukutani

Kwako Baba Achieng',

Nimechoka. Nianze hapo, maana hukupenda maneno ya kuzunguka.

Tangu shimo la dhahabu la Osiri liporomoke, wenzako walitolewa wakazikwa. Wewe hukuonekana. Mama yako hajaacha kunisukuma tuzike yago. Mila naijua: mwili usipopatikana, tunda la mti wa yago hulazwa kaburini badala ya mtu. "Nyar Sori," ananiita kwa jina la kwetu, binti wa Sori, "mtoto wangu hawezi kulala nje." Namjibu, "Mama, siwezi kulilia tunda mimi." Tunazozana hivyo, halafu tunakunywa uji pamoja kwa sababu kila mmoja hana mwingine wa kunywa naye.

Sasa kanisa likaamua ukuta wake unaotazama soko uchorwe nyuso zenu. Mchoraji alitoka Homa Bay, dada mpole, akasema kila familia ilete picha na ije ishike brashi. Mimi sikwenda. Rangi itamrudisha nani? Lakini Achieng' alichukua simu yangu akampelekea ile selfi yako, umeinua nyundo mdomoni mwa shimo.

Jana nilikuwa nikipeleka dagaa wa omena sokoni, nikakuona. Meno yako yale yale, yaliyoachana. Lakini nyundo iko mkono wa kulia! Wewe, uliyeitwa Oracham tangu utotoni kwa ajili ya huo mkono wa kushoto! Unakumbuka ulivyokuwa ukinigonga kiwiko tukila? Nilikuambia uhame. Ukasema, "Hama wewe, mkono hauhami." Nikahamia kulia kwako, na hadi leo nakaa hapo hapo, kando ya kiti kitupu.

Nilitua beseni nikapiga kelele soko zima likageuka. "Huyu si yeye!"

"Pole, mama," mchoraji akasema. "Selfi za simu nyingine hugeuza mikono." Akanipa brashi.

Nilikuchora mkono upya, vibaya kabisa, vidole vinene kama mihogo. Mama yako akaja akasimama nyuma yangu, akatazama weee, kisha akacheka. "Ndiye huyo!" Kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye mchana kweupe, huku kuku wakila omena yangu. Waache wale.

Niliogopa, Baba Achieng'. Niliona nikikubali yago, watu watakumbuka tunda, wakusahau wewe. Sasa hata wauza nyanya wanakuelezea kwa wapita njia: yule wa mkono wa kushoto. Bado nimechoka, lakini usiku wa jana nililala.

Jumamosi tunazika yago. Wazee walikuja kupima mahali, wakaniachia nafasi yangu ya baadaye kushoto kwako, kama ilivyo mila. Nikawaambia hapana, niwekeni kulia. Wakaniuliza kwa nini.

"Huyu wangu ni Oracham," nikasema. "Atanigonga."

Lala sasa. Nimeshahama.

Mimi mkeo,
Mama Achieng'