Sindano Kumi za Mama

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nisamehe, daftari langu. Tangu nijifungue Suhaib sijakufungua — miezi saba! Mkono mmoja mtoto, mwengine sufuria.

Alfajiri nimetoka Chwaka na Mama kwenda mjini, miadi ya laser. Jicho la kushoto sukari ishalizima. La kulia ndilo tunaloligombania. Nesi kaja na dawa ya kupanua mboni, Mama kakaza kope. Kumbe kafunga! Sunna ya Jumatatu, wala hakunambia. Ati dawa ya macho anaisikia uchungu kooni, si sawa na kula? Nesi kahamaki: Bi Mkubwa, mwenye sukari anafungaje bila ya kumuuliza daktari? Kumpima, sukari imeshuka mno. Akapewa maji ya sukari. Miadi mipya Jumatano ya wiki ijayo.



Jumatano, 12 Novemba

Mama kala uji nimemsimamia. "Ushakuwa mama yangu wewe." Ndiyo, nshakuwa. Maliza.

Daktari Ulfat hakumficha: laser hairudishi nuru iliyoondoka, inaziba mishipa inayovuja ili ibaki hii iliyopo. Na baada yake, gizani huenda akapungukiwa na kuona.

"Kwa hiyo nnachomwa nibaki hivi hivi?"

"Hivi hivi ni vingi, Bi Mwanakheir."

Mama kacheka! Kaweka kidevu kwenye mashine. Kasema ni kama radi za kijani ndani ya kichwa.

Jumapili, 16 Novemba

Leo Mama kaishika kofia ya Suhaib, ya viua, vile vitundu vya kuzungushiwa uzi kwa sindano, aliyoianza nikiwa na mimba. Zamani alikaa mlangoni, uzi anautunga huku anatugombeza, sindano hata haitazami. Sauti ile! Ningeipata tena nigombezwe siku nzima.

Siku hizi namtungia mimi. Sindano kumi kila asubuhi, nazichomeka kwenye mto wake. Adhuhuri nimezikuta zote kumi.

"Umesahau kutia uzi," kasema.

Nimetia. Uzi mweupe, kitambaa cheupe.

Sikulia mbele yake. Nikamwambia namtafutia uzi mwengine. Kaja juu: kofia zake nyeupe kwa nyeupe, tangu usichana! Nikamwambia hii ni ya mwanangu, itashonwa kwa uzi anaouona bibi yake.

Kaipapasa kofia. Halafu: "Usiwe mwekundu tu. Mwanamme huyo."

Raundi ya pili ya laser tarehe 26. Anasema atafikiri.

Dada Tahiya anauliza atume nini kutoka Dar. Nimwandikie: vipande vya kupimia sukari, pakiti mbili. Miwani ya jua inayoziba pembeni. Taa ya mezani yenye shingo. Sindano za tundu pana. Uzi wa kofia, vibonge vinne — mweusi.