Mafiga Yangu Yamerudi Ukutani

Jumapili, mwezi wa sita, Bashay. Ukungu haujapanda tangu asubuhi na baridi inauma masikio. Nimekasirika, na leo sifichi.

Baada ya ibada nilipanda kwenye boma la mawe lililo juu ya shamba letu. Ni ukuta wa duara unaonifika kifuani, umejengwa bila saruji na watu wa kale ambao hata bibi yangu hakujua jina lao. Kila jiwe kubwa limekabwa kwa vijiwe vidogo, vilevile marehemu baba alivyokuwa akikaba mawe ya matuta yetu.

Nilimkuta kaka Yakobo akiyakagua mawe ya boma. Anayataka kwa msingi wa nyumba yake, na trekta linakuja kesho.

Shikamoo yangu ilitoka kwa shida. Nikamwambia mawe hayo hayatoki.

"Ya nani sasa? Wenyewe walishakufa."

"Na baba amekufa, kaka. Mbona matuta yake hatujayabomoa?"

Akacheka. "Mafiga yako uliyatoa wapi, mdogo wangu?"

Nikageuka, nikashuka nyumbani.

Ni kweli. Nilipojenga jiko langu nilichukua mawe matatu pale, maana hayapasuki kwenye moto. Hapa kwetu kila jiko lina mawe ya boma, na kila mtu anasema amechukua matatu tu. Kwa matatu matatu hayo, upande wa mashariki umebaki nyasi. Nyani haoni kundule, na nyani huyo ni mimi.

Aibu ilinishika, lakini haikunifunga miguu. Nilizima moto, nikangoja mawe yapoe, nikayapandisha moja moja mgongoni kwa kanga. Masizi yameharibu gauni langu la kanisani. Nikayapanga kwenye pengo na kuyakaba kwa vijiwe kama baba. La tatu lilikataa kukaa mara nne. Wale waliojenga walikuwa mafundi. Mimi ni mbishi tu.

Jioni tumekula viazi vya jana, vya baridi. Watoto wamenuna. Wanune.

Kaka nampenda, na najua hasira zake. Naogopa kidogo.

Kesho trekta likifika litanikuta juu ya ukuta. Kaka akiniuliza tena mafiga yangu yako wapi, nitamwambia nimeyakalia.