Kandege ka uso wa makala

Wifi mupendwa,

Sasa hivi mutoto ametia mikono mu jiko ya mbabula iliyopoa, akajipaka makala toka pua mpaka macho. Usicheke, ni wa kaka yako!

Huku kando ya mto Lualaba kuna kandege kenye alama nyeusi hivyo hivyo usoni. Batu babili ba université banakatafuta mu majani, mi ninabapikia. Mumoja anasema ni ndege wa aina yake peke yake. Mwingine anasema ni yule wa kawaida tu, amechafuka uso. Banabishana mpaka bukari inapoa mu sahani! Nikabakumbuka ninyi ba Kolwezi: “Pua hii si yetu, asipewe jina la mama yetu Ngoie.” Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Bébé tu.

Mama mukwe Ngoie mwenyewe, ambaye tumefikia kwake, alikuwa anamuangalia tu. Leo kuona ule uso wa makala, amecheka mpaka machozi: “Baba yake alifanya vile vile!”

Salimia batoto, nitabaletea samaki wa kukausha. Na wewe uanze kuiomba pua hii msamaha. Ngoja, mama mukwe ananiita toka mtoni: “Mama Ngoie! Leta mutoto wangu nimuoshe!” Wifi, umesikia? Amemuita mutoto jina lake mwenyewe!