Kibao Nilichokiiba kwa Mke Wangu

Mpendwa Shangazi Leposava, naomba msaada, tena upesi, maana Ijumaa kitivo kinaamua na nyumbani sina amani.

Mimi na mke wangu Radmila sote tunafundisha elektroniki hapa Kragujevac, na mkuu wetu ametaka tuchague aina moja tu ya vibao vya maabara, vile vyenye chipu ambayo mwanafunzi anaipangia saketi zake mwenyewe na akikosea anaipanga upya, basi mimi kikaoni nikapigania kile kikubwa chenye kila tundu na kila taa, eti ndicho viwanda vinachotumia, naye akapigania kidogo ambacho mwanafunzi anaweza kwenda nacho bwenini, nami mbele ya watu wote nikakiita mwanasesere, Shangazi, mwanasesere, na tangu siku hiyo ananiita Profesa hata mezani, "Profesa, nipitishie chumvi," lakini hilo si baya zaidi, baya ni kwamba baba yake, mzee Tihomir, aliniomba kengele ya kulinda joto la sufuria lake la rakija, ile pombe kali ya plamu, ili plamu zisiungue, nikajaribu na kikubwa changu, kila nikibadilisha neno moja la programu kompyuta inawaza mpaka kahawa inapoa, nikachoka, nikaiba kile cha Radmila kwenye droo yake, kikakubali kabla ya chakula cha mchana, na sasa mzee anatangaza mtaa mzima, "Rakija ya mwaka huu kaipika mkwe wangu na mashine yake ya viwandani!" nami nainua glasi nacheka. Nikisema ukweli nimeumbuka, nikinyamaza wanafunzi watapewa kibao ambacho mimi mwenyewe nimekikimbia. Nifanyeje?

Mkwe Asiyelala, Kragujevac

Mkwe mwanangu,

Pole, lakini kidogo tu. Mtu mzima na shahada zako unadokoa kwenye droo ya mkeo, kisha sifa unazipokea kwa baba yake! Huna haya. Unaniuliza uchague nini na umeshachagua: siku ulipokuwa na kazi ya kweli, mzee amekukodolea macho, mkono wako ulikwenda wapi? Mwanafunzi hujifunza kwa kukosea, na anahitaji kibao kinachomjibu upesi, kilicho naye pale wazo linapomjia, si kinachofungiwa kabatini kikisubiri wageni. Hicho kikubwa mlicho nacho wachezee wa mwaka wa mwisho.

Alhamisi nenda kwa mzee. Kabla hajamimina, mwambie, "Baba, kile kibao ni cha Radmila." Kisha nyamaza, usianze kufundisha. Ijumaa simama kikaoni palepale uliposimama, ulifute lile neno.

Wala usihangaike namna ya kumwambia Radmila. Barua yake ninayo tangu wiki jana. Anasema kengele uliipanga kinyume, ingelia sufuria likipoa na kunyamaza likiungua. Aliirekebisha ulipotoka kupokea pongezi kwa majirani. Ameniuliza akuvumilie mpaka lini.

Nimemjibu: mpaka Ijumaa.