Mkoa Rahisi Kuliko Yote

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 412.
9 Agosti

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Natumai mgongo wako umepata nafuu, na kwamba karakana wamekupa ile miwani mpya ya kuchomelea waliyokuahidi tangu mwaka juzi. Mtoto mkubwa bado anaogopa mbwa? Mwambie shangazi yake naye aliogopa mpaka alipoanza kazi ya kugonga milango ya watu. Sisi huku tupo. Mimi nina mafua yasiyokwisha, na habari za Mama nitazifikia.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, pamoja na nauli ya Mama na kile kipande cha gazeti ulichokikata. Umeandika kwamba kufikia mwisho wa mwezi huu Mama awe amehamia kwa Mama Mdogo, kule kwenye ukame, kwa sababu jedwali la gazeti linasema huko ndiko maisha yaliko rahisi kuliko kote nchini, na kumweka Mama mjini ni kuchoma pesa. Umeandika pia nisibishe. Kaka, nabisha. Na kabla hujaikunja barua hii kwa hasira, jua kwamba jedwali lile lina mkono wangu.

Kazi yangu unaijua, ingawa kila mara huwaambia watu kwamba mdogo wako ni karani tu. Sisi ni wakusanya bei. Tunapewa orodha ya vitu hamsini, vilevile kwa kila mkoa: kilo ya mchele, mche wa sabuni, debe la maji, kodi ya chumba kimoja, dawa saba na kadhalika. Tunazunguka masokoni na madukani tukiuliza na kuandika. Mwaka huu nilipewa mikoa mitatu: huu wa mji mkuu, ule wa milimani, na ule wa Mama Mdogo. Nimerudi na mafua na kinyaa, na sijui kipi kitaniacha kwanza.

Nianze na hapa mjini. Kila kitu kipo, na mlangoni pa kila kitu kuna mtu amekaa anadai chake. Mwenye nyumba wetu ameongeza kodi baada ya kupaka rangi ukuta mmoja, ule unaoonekana barabarani. Choo cha wapangaji kumi na wanane kinafurika karibu kila wiki, naye hupita kudai kodi akiwa amejiziba pua kwa leso. Mwenye bucha wa pale kona huloweka nyama kwenye ndoo ili iongeze uzito. Ndoo nimeiona kwa macho yangu chini ya meza, maji yake mekundu na nzi juu, na bado nikaandika bei yake, maana orodha inataka bei tu. Haikuulizi umenunua nyama au maji. Huo ndio ughali unaousoma huko. Lakini duka la dawa liko hatua mia mbili kutoka kitanda cha Mama, nalo halijawahi kukosa sindano zake za kisukari.

Milimani nako, gazeti linasema chakula ni bei ya kutupa. Ni kweli, na kinatupwa. Kabichi zinaozea kandokando ya barabara mpaka gari linateleza. Mwenye lori anapanga bei akiwa amekaa ndani ya lori lake, hashuki hata kusalimia, na mkulima akikataa anawasha injini. Mwanamke aliyenipangisha chumba aliuza gunia zima la viazi akarudi na mche wa sabuni na mafuta ya taa. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Blanketi alilonipa lilikuwa na unyevu na harufu ya wageni wote walionitangulia, na siku nne nililala nikiwa nimevaa viatu. Tangu nirudi, nikisikia harufu ya kabichi natoka nje.

Sasa twende kwa Mama Mdogo. Nilikaa kwake siku tisa. Bado anashona sare za shule kwa ile cherehani ya mguu, na bado anajifanya hana shida mbele ya mgeni. Kwa heshima yangu alinunua debe la pili la maji. Maji hayo yanaletwa kwa mkokoteni, ndani ya pipa lililokuwa la dizeli, na yana viluwiluwi. Unachuja kwa kitambaa, unachemsha, unafumba macho, unakunywa, na ladha ya dizeli inabaki kwenye meno mpaka jioni. Debe moja kule ni bei ya madebe sita hapa. Mchele niliuliza siku zote tisa, haukuwepo. Sabuni ilikuwa mpaka gari lije, na gari lenyewe hakuna aliyejua liko wapi.

Duka la dawa la kule ni meza yenye kitambaa cha nailoni. Kati ya dawa saba nilipata mbili, moja muda wake umepita na tarehe imekwanguliwa kwa wembe. Nilipouliza sindano za kisukari, muuzaji alinitazama kwa huruma. "Dada, hizo si zinakaa kwenye baridi?" akaniuliza. "Baridi tutaitoa wapi hapa?"

Sikiliza basi jinsi mkoa huo ulivyoshika nafasi ya kwanza. Kwa utaratibu wetu, kitu kisichopatikana hakiandikiwi bei, unaweka kistari. Wenzangu wavivu hubuni bei wakiwa wamekaa kivulini na soda mkononi. Mimi sibuni. Niliweka vistari kumi na tisa, vimenyooka, na ofisini nikasifiwa mbele ya watu kwa uaminifu wangu. Nilifurahi kama mtoto, nikarudi nyumbani kumsimulia Mama. Kumbe waliojumlisha walikichukua kila kistari kuwa hakuna gharama. Wakajumlisha vitu hamsini vya hapa, wakajumlisha vitu thelathini na kimoja vya kule, wakalinganisha, wakapeleka gazetini. Kadiri watu walivyokosa vitu, ndivyo mkoa wao ulivyozidi kuonekana rahisi.

Nilipoliona gazeti nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, yule tunayemwita Bwana Wastani kwa sababu kila ukimpelekea shida anakuambia wastani wake ni mzuri. Alikuwa amemaliza kikao. Mezani kulikuwa na chupa za maji, kila moja imenywewa funda moja ikaachwa, na mfagizi alikuwa anayamwaga kwenye sinki. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza huku akichokoa meno kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama alichokitoa, akakipangusa kwenye suruali.

"Sasa dada yangu," akasema, "kitu ambacho hakipo kinamgharimu nani? Tutarekebisha mwakani."

Wawili waliokuwa naye wakacheka. Nilitoka nje kutema mate. Nilichukizwa naye, na nilijichukia pia, maana karatasi ile ina sahihi yangu na sikuuliza hata mara moja vistari vyangu vinakwenda kufanywa nini.

Na wewe umenichukiza, acha nikuambie ukweli. Najua unavyojinyima. Najua kila mwezi usipotuma wewe, hakuna mwingine wa kutuma, na sijawahi kulisahau hilo. Lakini Mama Mdogo hukumuuliza na mimi hukuniuliza. Kipande cha gazeti kisichozidi kiganja umekiamini kuliko watu wawili, mmoja aliyekubeba na mmoja uliyembeba. Ukakipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Sasa habari za Mama. Siku barua yako ilipofika nilimsomea yote, kama ninavyomsomea siku zote, pamoja na ile sentensi ya kuchoma pesa. Hilo ni kosa langu jingine. Akaniambia, "Kaka yako ana akili, usimjibu vibaya." Kesho yake akaanza kupanga nguo zake kwenye sanduku.

Juzi nilimletea chupa mpya ya dawa yake. Nilipokwenda kuiweka kwenye kifriji nilikuta ile ya zamani, iliyopaswa kuwa imekwisha, bado ina nusu. Nilidhani amesahau siku. Nikamuuliza, naye akawa anatazama pembeni.

"Najidunga nusu," akasema. "Wiki tatu sasa. Nilitaka nikifika kule niwe nimeshazoea, nisije nikawa ghali kwa mtu."

Nilimpeleka kwa daktari asubuhi ileile. Sukari imepanda vibaya, na kidonda kimeanza kwenye kidole cha mguu wa kushoto, alikuwa akikificha kwa soksi. Daktari anasema kidole huenda kikapona, na huenda kisipone. Nauli yake imo ndani ya bahasha hii, yote. Mama hahami.

Nisalimie wifi, umwambie zile soksi alizomletea Mama zimemfaa. Nisalimie watoto mmoja mmoja. Mama Mdogo alinituma nikusalimu, akasema hakudai chochote, umwandikie tu. Mungu akulinde macho na mgongo, akurudishe kwetu mzima. Mama hajakusalimu humu kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia. Angejua, angeniomba nikufiche habari ya kidole.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nilipokukasirikia,

Kitinda Mimba