Chef alivyoingia kwa nguruwe

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa, mi iko muzima hapa Baraka, na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zinaninenepesha.

Homa ya nguruwe imemaliza mifugo ya majirani, nayo haina dawa. Kwa hiyo tantine Neema, shangazi yetu, hakubali muntu aingie kwenye ferme yake, shamba ya nguruwe, na nguo za njia. Jana chef wa kijiji alitoka Swima, alikokula nyama ya nguruwe arusini, akataka kuona batoto ba nguruwe.

Tantine akamuzuia: "Vua suruali kwanza, chef. Ugonjwa inatembea na nguo."

"Mi, chef muzima?"

"Nguruwe haijue chef."

Akaoga, akaingia na kitenge cha tantine. Alipotoka akakuta watu wakicheka, akatangaza:

"Kuanzia leo, kila muntu atavaa hivi!"

Batoto ba nguruwe bote bako bazima. Nakukumbuka sana, yaya. Umbusu mama.

Riziki