Siku Tatu Nje ya Ofisi Yangu

Jinja, Jumatano

Shangazi Nusifa,

Asalaam alaikum. Huku mvua haikatiki, ila kwenye semina wanatulisha vizuri. Maofisa wa miji tumeitwa kufundishwa kusoma sheria kabla ya kutoa amri.

Leo mwalimu amesema huwezi kumbomolea mtu nyumba kabla ya kumwita na kumsikiliza. Nimekukumbuka ulivyosimama nje ya ofisi yangu siku tatu, umeshika hati ya kiwanja chako cha Nabuyonga. Nikamtuma askari akwambie sheria imeshaamua, kisha tukaibomoa nyumba yako. Sheria haikuamua, Shangazi. Sikuwa hata nimeisoma.

Mwalimu akauliza nani kati yetu amewahi kufanya hivyo. Mkono wangu ulibaki mezani.

Mtoto wa kaka yako,
Magid